Kumaliza Kozi ya Kufundisha Kiingereza Ughaibuni: Kutoka Masomo ya Mwisho Hadi Mkataba

Maswali yanayoletwa ni yale yale. “Nimebakiza wiki mbili, nikifeli somo moja nimefeli kozi nzima?” “Cheti kinatoka lini?” “Hiyo apostili ni kitu gani, na inagongwa wapi?” Mwongozo huu unayajibu kwa mpangilio wa kazi yenyewe.

Unamhusu aliye katika nusu ya pili ya kozi yenye mazoezi ya kufundisha darasa halisi, kama CELTA ya Cambridge au CertTESOL ya Trinity. Kama ulisoma kozi ya mtandaoni ya saa 120 na hukusimama mbele ya darasa hata mara moja, anzia hatua ya 6, ila pitia kwanza sehemu ya matatizo huko mwishoni. Una pengo la kuziba.

Jambo moja lieleweke mapema. Siku ya somo la mwisho wengi hupiga picha ya pamoja wakidhani kazi imekwisha. Haijaisha. Utakuwa umemaliza pale ofisa wa uhamiaji wa nchi unayokwenda atakapozikubali karatasi zako, na karatasi hizo huenda mwendo wa kobe. Ndiyo maana hatua ya 6 huanza siku moja na hatua ya 1, ingawa hapa imeandikwa baadaye.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Jalada la kozi: maandalio yote ya masomo, maoni ya wakufunzi, tathmini ulizojifanyia, na kazi za maandishi pamoja na matoleo yaliyorudishwa. Kwenye CELTA kuna kitabu cha kumbukumbu kiitwacho CELTA5. Kikipotea, utaanza kubishana na kituo bila ushahidi.
- Shahada halisi na nakala rasmi ya matokeo, kama unayo.
- Pasipoti. Ikiwa imebakiza chini ya miezi 18, omba mpya sasa. Nchi nyingi hutaka angalau miezi 6 ya uhai siku unayoingia, na mkataba wa mwaka mmoja hauwezi kukaa vizuri juu ya pasipoti inayokufa katikati.
- Wadhamini wawili watakaojibu baruapepe za waajiri kukuhusu. Mmoja awe mkufunzi aliyekuona ukifundisha.
- Skani za karatasi zote kwa PDF, nukta 300 kwa inchi. Picha ya simu yenye kivuli cha mkono hurudishwa.

Hatua ya 1: Hesabu kilichobaki

Chukua karatasi uandike namba. CELTA ina saa zisizopungua 120 za kozi, saa 6 za kufundisha ukitathminiwa, saa 6 za kutazama walimu wazoefu, na kazi 4 za maandishi zenye maneno 750 hadi 1000 kila moja. Saa 6 hizo hugawanywa kulingana na kituo: masomo 8 ya dakika 45, au 9 ya dakika 40. Ni lazima ufundishe angalau viwango viwili tofauti vya wanafunzi. CertTESOL nayo inataka saa zisizopungua 130, saa 6 zikiwa za kufundisha, na ina kazi zake za pekee, mojawapo ikiwa shajara ya kujifunza lugha usiyoijua kabisa.

Kisha andika udhaifu unaojirudia katika maoni ya wakufunzi. Ukikuta “maelekezo marefu” mara tatu katika masomo manne, hapo ndipo utakapopimwa. Somo moja baya halikuangushi. Kinachoangusha ni kosa lile lile kwenye somo la 3, la 5 na la 7, kwa sababu linaonyesha kuwa unaambiwa na hubadiliki.

Hatua ya 2: Chambua lugha kabla ya kutafuta michezo

Hapa ndipo wengi hukwama. Mtu anakesha akikata vikaratasi vya rangi, halafu mwanafunzi anauliza “used to” ina tofauti gani na wakati uliopita wa kawaida, mwalimu anababaika. Anza na lugha, na vikaratasi vije baadaye kama muda upo.

Tuseme somo lako ni “I used to smoke.” Andalio lazima liwe na mambo manne.

*Maana.* Tabia au hali iliyokuwepo zamani na sasa haipo. Kiswahili kinasema “zamani nilikuwa navuta sigara.” Kuandika maana hakutoshi, andika na maswali ya kuihakiki pamoja na majibu yake:

- Did I smoke in the past? – Yes.
- One time or many times? – Many times.
- Do I smoke now? – No.

Usiulize “Do you understand?” Darasa zima litaitikia kwa kichwa, na hutajua lolote. Angalia pia kwamba swali la pili linafaa kwa tabia tu. Ukifundisha “I used to be shy” halina mantiki, maana aibu haihesabiwi mara. Wakufunzi hupenda kuona kwamba umeligundua hilo.

*Umbo.* Kiima + used to + kitenzi kisicho na nyongeza. Kukanusha: “I didn't use to smoke.” Kuuliza: “Did you use to smoke?” Ile “d” ya “used” inaondoka kwa sababu “did” imeshabeba wakati uliopita.

*Matamshi.* “d” na “t” huungana na kusikika kama “yusta”, na “s” yake ni “s” kweli. Linganisha na “I used a pen”, ambapo “s” hutamkwa “z”. Mwanafunzi akisoma kama ilivyoandikwa atasema maneno mawili yaliyoachana, na msikilizaji atachelewa kumwelewa.

*Matatizo yanayotarajiwa na suluhisho.* Atachanganya na “I am used to smoking”: weka sentensi mbili ubaoni na uhakiki maana ya kila moja. Atalitumia kwa tukio la mara moja, kama “I used to go to London in 2010”: chora mstari wa wakati wenye alama nyingi za X upande wa zamani, na upande wa sasa uache wazi.

Ukishindwa kuandika mambo haya manne bila kufungua kitabu, lugha hiyo bado hujaimudu kiasi cha kuifundisha. Badilisha lengo mapema, au mwone mkufunzi kabla ya siku yenyewe. Kuuliza hakukupunguzii alama.

Hatua ya 3: Panga dakika kwa saa ya ukutani

Mgawanyo unaofanya kazi kwa somo la sarufi la dakika 45: utangulizi 4, matini 6, maana 5, umbo 4, matamshi 4, zoezi la kudhibitiwa (lenye majibu yaliyopangwa) 7, mazungumzo huru 11, marekebisho ya makosa 4.

Usiandike “dakika 7” peke yake. Kama somo linaanza saa 4:00, andika kuwa zoezi linaanza 4:23 na mazungumzo huru 4:30. Katikati ya somo kichwa hakifanyi hesabu, lakini macho yanaisoma saa. Kosa linaloua masomo mengi ni maelezo kumeza muda hadi mazungumzo huru yabaki dakika 3, na hapo lengo la somo halijafikiwa hata kama maelezo yalikuwa mazuri. Weka kanuni: ikifika 4:30, wanafunzi wanazungumza, hata kama zoezi halijaisha.

Hatua ya 4: Fundisha, pokea maoni, andika ulichobadilisha

Maelekezo yaandikwe neno kwa neno kwenye andalio. Yawe hivi: “Look at exercise 2. Work alone. Two minutes.” Kisha hakiki: “Alone or with a partner?” Karatasi zigawiwe *baada* ya maelekezo. Ukizigawa kwanza, unahutubia vichwa vilivyoinama.

Wanafunzi wakizungumza wawiliwawili, wewe kaa kimya na daftari. Kusanya sentensi nne, tatu zenye makosa na moja nzuri, uziandike ubaoni bila majina, na wao wazirekebishe. Acha tabia ya kurudia kila jibu la mwanafunzi kama mwangwi. Unakula muda, na unawafundisha kutosikilizana.

Kwenye kikao cha maoni, usijitetee. Mkufunzi haulizi kwa nini projekta iligoma. Andika maoni kwa maneno yake, halafu juu ya andalio la somo linalofuata weka sehemu fupi yenye kichwa “malengo yangu”: malengo mawili, yametolewa kwenye maoni yale, na karibu na kila moja utakachofanya. Kwa mfano: “Kupunguza maelezo: maswali 3 ya kuhakiki maana badala ya hotuba.” Hicho ndicho kipande rahisi kuliko vyote cha kuonyesha maendeleo, na bado nusu ya watu hawakiandiki.

Tathmini yako mwenyewe iwe mahsusi pia. “Somo lilienda vizuri, wanafunzi walifurahi” haisemi kitu. “Jozi mbili kati ya tano hazikutumia ‘used to’ kwenye mazungumzo kwa sababu swali lilijibika bila kuitumia” inaonyesha unaona darasa.

Hatua ya 5: Maliza kazi za maandishi na ufunge jalada

Kwenye CELTA unatakiwa kufaulu angalau kazi 3 kati ya 4, na kila moja inaweza kurudishwa mara moja ili uirekebishe. Usiijengee matumaini ile moja ya ziada. Ni akiba ya siku mbaya.

Kazi hurudishwa kwa sababu zinazojulikana:

- Kwenye kazi ya kumchunguza mwanafunzi, umedai “ana tatizo la nyakati” bila kunukuu maneno aliyosema au kuandika. Nukuu, eleza kosa, eleza chanzo, kisha chagua zoezi linalotibu kosa hilo. Zoezi la wakati ujao kwa mtu anayekosea wakati uliopita ni dawa ya ugonjwa mwingine.
- Umenakili maelezo ya kitabu cha sarufi bila kukitaja. Huo ni wizi wa maandishi, na unaweza kukutoa kwenye kozi kabisa.
- Umevuka maneno 1000.

Kazi ikirudishwa, rekebisha yaliyotajwa tu, na toleo la kwanza libaki jaladani pamoja na la pili.

Siku tatu kabla ya kozi kuisha, pitia jalada ukurasa kwa ukurasa: kila somo lina andalio, zana, maoni yaliyosainiwa na tathmini yako. Mtathmini wa nje hukagua kila kozi ya CELTA na anaweza kuomba jalada lolote. Kabla hujaondoka, omba kituo barua ya uthibitisho wa kumaliza. Cheti chenyewe hutoka Cambridge wiki kadhaa baadaye, na barua hiyo ndiyo itakayokuombea kazi wakati unasubiri. Hakikisha jina lako limeandikwa kama kwenye pasipoti, herufi kwa herufi.

Hatua ya 6: Halalisha karatasi

Apostili ni muhuri wa uthibitisho unaotokana na Mkataba wa Hague wa mwaka 1961. Kama nchi iliyotoa karatasi na nchi unayokwenda zote ni wanachama na mkataba unatumika kati yao, muhuri huo mmoja unatosha. Kama mojawapo si mwanachama, njia inakuwa ndefu: wakili mthibitishaji, kisha wizara ya mambo ya nje, kisha ubalozi wa nchi unayokwenda. Orodha ya wanachama hubadilika. China, kwa mfano, ilianza kutumia mkataba huo tarehe 7 Novemba 2023, na miongozo mingi ya zamani bado inawatuma watu ubalozini.

Kanuni inayosahaulika: apostili hutolewa na nchi *iliyotoa karatasi*. Hutaipata nchi unakoishi wala unakokwenda. Shahada ya nchi moja na cheti cha kozi kilichotolewa Uingereza vitapita milango miwili tofauti.

Utaratibu wa kufuata:

1. Anza na shahada, kwa sababu haiishi muda.
2. Cheti cha polisi cha kutokuwa na rekodi ya uhalifu kifuate ukishajua nchi. Wengi hukitaka kiwe hakijapita miezi 6, hivyo cha mapema sana kitakufia mkononi. Alama za vidole zichukuliwe mapema kama mfumo unaruhusu.
3. Cheti cha kozi kije mwisho, kikishafika.
4. Tafsiri zifanywe baada ya mihuri kugongwa, ili muhuri nao utafsiriwe.

Onyo: usiweke shahada kwenye laminesheni. Karatasi iliyofunikwa plastiki haigongeki muhuri, na ofisi nyingi huikataa. Usibandue pini wala riboni iliyounganisha apostili na karatasi yake ili uskani vizuri. Ukishaibandua, thamani yake imekwenda.

Hatua ya 7: Omba kazi

Wasifu uwe ukurasa mmoja au miwili. Mstari wa kwanza chini ya “Mafunzo” utaje saa za kozi, saa za kufundisha ulizotathminiwa, viwango vya wanafunzi na ukubwa wa madarasa. Mwajiri anatafuta maneno “saa 6 za kufundisha zilizotathminiwa”, kwa sababu ndiyo yanayokutenga na aliyebofya kozi ya mtandaoni wikendi moja.

Kabla ya kutuma, soma masharti ya viza ya nchi hiyo kwanza. Cheti kizuri hakifungui kila mlango. Viza ya E-2 ya Korea Kusini, ile ya walimu wa lugha, kwa kawaida hutolewa kwa wenye shahada na pasipoti za nchi saba: Marekani, Uingereza, Kanada, Australia, New Zealand, Ireland na Afrika Kusini. Mpango wa JET, ambao serikali ya Japani huutumia kuajiri wageni wasaidie kufundisha shuleni, unataka shahada ya kwanza. Ukikuta sharti usilolitimiza, sogea nchi nyingine. Barua nzuri haibadilishi sheria ya uhamiaji.

Usaili wa mtandaoni mara nyingi huwa na somo la majaribio la dakika 10 hadi 20. Chagua jambo dogo. Maneno matano ya hali ya hewa yaliyofundishwa mpaka mtu akayatumia yanashinda sarufi nzima iliyokimbizwa.

Hatua ya 8: Soma mkataba kabla ya kusaini

Uliza kwa maandishi, na majibu yabaki kwenye baruapepe:

- “Saa” maana yake nini? Vipindi 30 vya dakika 40 ni saa 20 za kufundisha. Saa 30 kamili ni vipindi 45. Mishahara ikifanana, hizo ni kazi mbili tofauti.
- Saa za kukaa ofisini zinahesabiwa?
- Nani analipa viza, kibali cha kazi na tiketi? Ukiacha mapema, unarudisha kiasi gani?
- Likizo za shule zinalipwa?
- Kipindi cha majaribio ni miezi mingapi, na notisi ni siku ngapi kwa kila upande?

Mwajiri anayekuambia uje kwa viza ya utalii “tutarekebisha ukifika” anakuhamishia hatari yote wewe. Vivyo hivyo anayetaka kushika pasipoti yako, au anayekutoza ada ili akupe kazi. Hapo hakuna cha kujadiliana.

Yakiharibika

*Nimefeli somo la mwisho.* Kama masomo yaliyotangulia yamefikia kiwango, tathmini huangalia mwenendo mzima. Omba kikao na mkufunzi siku hiyo hiyo, uulize kama umefikia kiwango kwa jumla, na uombe jibu liandikwe kwenye kumbukumbu zako.

*Kazi ya maandishi imefeli hata baada ya kurudiwa.* Kwenye CELTA, tatu nyingine zikifaulu bado uko salama. Zikiwa mbili zimefeli, zungumza na kituo mara moja. Usingoje matokeo.

*Jina kwenye cheti limekosewa.* Andikia kituo kabla hujagonga apostili. Karatasi yenye muhuri ikirekebishwa, muhuri unarudiwa na ada pia. Kama jina lako limebadilika kisheria, hati ya kubadili jina au cheti cha ndoa navyo vihalalishwe na visafiri pamoja na shahada.

*Cheti hakijafika na mwajiri anasubiri.* Tuma barua ya kituo pamoja na ripoti yako ya mwisho. Kwa usaili mara nyingi inatosha. Kwa kibali cha kazi haitoshi, kwa hiyo usisaini tarehe ya kuanza usiyoweza kuifikia.

*Kozi yangu haikuwa na darasa halisi.* Tafuta angalau saa 6 za kufundisha watu wazima, kwa kujitolea ikibidi, mbele ya mwalimu mzoefu atakayetazama na kuandika maoni yenye tarehe, kiwango cha wanafunzi na saini. Hayo hayawi CELTA, na usiyaite hivyo kwenye wasifu. Lakini mwajiri asiyebanwa na sheria ya viza huyasoma.

*Nimekataliwa kwa kuwa Kiingereza si lugha yangu ya kwanza.* Tofautisha mambo mawili. Ikiwa ni sharti la viza, acha, usipoteze nauli. Ikiwa ni mazoea ya shule, jibu kwa ushahidi: CELTA huwataka waombaji wawe na Kiingereza cha kiwango cha C1 ya juu au C2 (ngazi mbili za juu kabisa kwenye kipimo cha lugha cha Ulaya), kwa hiyo aliyeimaliza ameshapimwa. Ambatanisha matokeo ya IELTS, mtihani wa kupima Kiingereza, yaliyo chini ya miaka 2 na video ya dakika 5 ya wewe ukifundisha, ukipata ridhaa ya wanafunzi wanaoonekana. Wasipojibu ndani ya wiki mbili, tuma kwingine.